Kaye ya Baba wa Butiki

Maisha na kifo cha mwenye duka mumoja wa Kolwezi

Mupenzi musomaji, funga macho kidogo, ukumbuke butiki ya kwenu ya zamani. Mulango wa chuma wenye rangi ya bluu. Kontwari ya mbao iliyolainika kwa mikono ya watu. Sabuni zilizokatwa vipande, chumvi iliyofungwa katika vikaratasi, bidoni ya mafuta ya mawese, makayabo yenye kuning'inia, gunia ya unga na ile meka ya kupimia juu yake. Na nyuma ya kontwari, mutu mumoja anayejua jina lako, jina la mama yako, na deni ya nyumba yenu.

Wa kwetu, pale Manika, tulimuita Baba wa Butiki. Jina lake la kweli hatuliandiki hapa, kwa maana bibi yake na watoto wake wangali hai, na mambo ya jamaa si ya kutangaza sokoni. Lakini nimeona ni vizuri kusimulia maisha yake na kifo chake, kwa sababu maisha yale yanafanana na ya wenye butiki wengi wa Kolwezi, Likasi, Kambove na Fungurume. Watu wale waliweka chakula mezani mwetu wakati mishahara haikuja. Walipokufa, wengi wetu tulienda kilio, tukakula, tukaimba, tukarudi nyumbani na deni zetu.

Kapita wa Mugreki

Baba wa Butiki alizaliwa karibu na Kasaji, mbele ya mwaka wa 1940 au mwaka ule ule; mama yake hakuandika tarehe. Katika mwaka wa 1956 alipanda treni ya Dilolo mpaka Kolwezi, kusudi akae kwa mukubwa wake aliyekuwa mufanya kazi wa Union Minière katika kambi ya Musonoi.

Muji wetu ulikuwa ungali kijana wakati ule. Kolwezi ulianza katika mwaka wa 1937, kwa kazi ya shaba. Mufanya kazi wa Union Minière alipewa nyumba, alipewa posho ya unga na mafuta, watoto wake walisoma kwenye masomo ya kompanyi. Ndiyo maana wazee walizoea kusema: «Kazi njo baba, kazi njo mama.» Lakini posho haikuleta kila kitu. Mwanamuke alitaka kitambaa, kijana alitaka kinga (baiskeli), nyumba ilitaka taa na petroli yake. Vitu vile vilikuwa katika magazini ya wachuruzi wageni: Wagreki, Waportugezi, na Wayahudi waliotoka katika kisiwa cha Rhodes. Wao walikaa nyuma, penye sanduku la feza. Mbele, mwenye kusema na watu alikuwa kapita, mutu mweusi, mwenye kujua luga za wanunuzi.

Kijana wetu hakupenda shimo. Akaingia kwa Mugreki mumoja, kwanza kufagia, kisha kubeba magunia, mwishowe kuwa kapita. Pale alijifunza mambo matatu, aliyotuambia mara nyingi sisi watoto wakati tulingoja zamu yetu:

«Ya kwanza, usiuze kitu chenye haujue bei ya kukirudisha. Ya pili, faranga ya butiki haiko faranga yako. Ya tatu, deni haiozake; wewe unaweza kuoza, deni inabakia.»

Siku ile tulicheka. Leo hatucheki.

Mwaka wa 1973

Tarehe 30 ya mwezi wa 11, 1973, Rais Mobutu alitangaza kwamba magazini, mashamba na kompanyi ndogo za wageni zitapita katika mikono ya wenyeji wa Zaire. Waliita jambo lile zairianizasio. Watu wengi walifurahi. Kapita alifurahi pia: miaka 10 na zaidi alikuwa akiendesha magazini ile, nani angeijua kuliko yeye?

Magazini haikupewa kapita. Ilipewa mukubwa mumoja aliyetoka mbali, ambaye hakuwa amepima hata kilo moja ya chumvi maishani mwake. Aliuza kila kitu kilichokuwa ndani, akanunua motokari, na hakurudisha mali. Kisha miezi michache, mbao za magazini zilikuwa tupu. Ni vile ilivyokuwa katika miji mingi ya inchi, na katika mwaka wa 1976 serikali yenyewe iliita wenyeji wa zamani warudie. Wengine walirudi, wengi hapana. Mugreki wetu hakuonekana tena.

Kapita akabaki bila kazi, na bibi, na watoto wawili. Mwanzo wa mwaka wa 1974 aliweka meza mbele ya nyumba yake. Juu ya meza: sabuni, kiberiti, chumvi, sigara za kuuza moja moja. Kisha miaka miwili alijenga chumba kimoja cha matofali kilichoshikamana na nyumba. Aliandika juu ya mulango, kwa rangi ya bluu iliyobaki: BUTIKI. Hakuongeza jina lingine. Sisi ndisi tuliongeza «Baba».

Vita, na Noeli bila feza

Butiki ilikuwa na miaka minne tu wakati vita ilifika. Tarehe 13 ya mwezi wa 5, 1978, askari wa FNLC waliotoka Angola waliingia Kolwezi. Kisha siku sita, tarehe 19, askari wa Ufaransa wa Légion étrangère waliruka kutoka ndege. Watu mamia walikufa, Waafrika na Wazungu. Magazini zilivunjwa. Ile ya Baba wa Butiki pia ilivunjwa, na waliochukua mali hawakuwa wote askari. Wengine walikuwa majirani. Yeye aliwajua. Juma lililofuata walikuja kununua chumvi, naye aliwauzia.

Mama mumoja alimuuliza: «Baba, ule haiko njo aliiba magunia yako?»

Alijibu: «Minajua. Sasa kama simuuzishe, batoto yake batakula nini? Na miye nitauzisha nani?»

Alikopa, akaanza upya. Akaweka feza kidogo kidogo katika sanduku la chuma chini ya kitanda, kwa sababu wakati ule watu wa cité wengi hawakuwa na konti katika banki. Basi, siku ya Noeli, tarehe 25 ya mwezi wa 12, 1979, radio ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 hazina nguvu tena. Zilikuwa noti kubwa za wakati ule. Siku za kuzibadilisha zilikuwa chache, na hakuna aliyeweza kubadilisha zote. Mulango wa banki ulijaa watu mpaka usiku. Waliokuwa na rafiki ndani walipita. Baba wa Butiki alibadilisha sehemu ndogo, na nyingine aliwapa watoto wachezee. Bibi yake anasema mpaka leo: ile ilikuwa mara ya kwanza alimuona akilia.

Namna kaye ilivyofanya kazi

Vijana wa leo, wanaolipa kwa telefone, pengine hawajui kaye ilikuwa nini. Tuwaeleze.

Mufanya kazi wa Gécamines alipata mushahara mwisho wa mwezi. Lakini tumbo haingoje mwisho wa mwezi. Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na ukurasa wake katika kaye ya butiki, na nyumba zingine zilikuwa na kaye yao ndogo pia, kusudi kusiwe mabishano. Mutoto alitumwa na sahani: «Baba, mama anasema umupatie bunga meka moja na kasabuni, atalipa ku mwisho wa mwezi.» Mwenye butiki alipima, aliandika pande zote mbili, mutoto alirudi mbio. Siku ya mushahara, baba wa nyumba alikuja mwenyewe, kwa heshima, na musitari ulikatwa kwa biki nyekundu.

Butiki ya aina ile ilikuwa kama banki ya watu wadogo. Tena bila faida ya deni! Muji wetu ulijua vizuri wale wakopeshaji walioitwa Banki Lamberi: unachukua mia, mwisho wa mwezi unarudisha mia na hamsini, wakati mwingine mia mbili. Mwenye butiki hakufanya vile. Faida yake ilikuwa katika meka tu: alinunua gunia, aliuza kidogo kidogo, na kilichobaki juu ya bei ya gunia ndicho kilisomesha watoto wake.

Sasa angalia hatari yake. Ikiwa nyumba 40 zinachukua kwa deni na 30 zinalipa, nyumba 10 zilizobaki zinakula faida ya wale 30, na pengine zinakula hata gunia lenyewe. Mutu anaona butiki imejaa wanunuzi, anasema: «Ule mutu ni tajiri.» Lakini butiki haife kwa kukosa wanunuzi. Inakufa kwa kukosa feza ya kurudisha mali.

Miaka ya njaa

Katika mwezi wa 9, 1990, sehemu kubwa ya shimo la Kamoto ilianguka. Gécamines, iliyokuwa ikitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, ilitoa karibu 30,000 tu katika mwaka wa 1994. Mushahara ulichelewa mwezi, kisha miezi mitatu, kisha watu waliacha kuhesabu. Mwisho wa mwaka wa 1991, uporaji ulioanza Kinshasa ulifika miji mingi, na wa kwetu pia. Mulango wa bluu ulivunjwa mara ya pili.

Na feza yenyewe iligonjwa. Bei ya asubui haikuwa bei ya mangaribi. Katika mwezi wa 10, 1993, walileta zaire mupya: moja mupya kwa 3,000,000 za zamani. Nayo pia haikudumu. Katika mwaka wa 1998 faranga ya Congo ilichukua nafasi yake, moja kwa zaire mupya 100,000. Wenye butiki wengi walikufa hapa, maana walikuwa wameandika deni kwa zaire. Siku ya kulipwa, ile hesabu haikuweza kununua hata kiberiti.

Baba wa Butiki alitafuta dawa yake mwenyewe. Aliacha kuandika feza. Aliandika vitu: «bunga meka 2, mafuta kopo 1.» Siku ya kulipa, ulilipa bei ya siku ile. Watu walinunguna, wakasema anawaibia. Alikaa nao mumoja mumoja akawaelezea: «Ulikamata bunga, rudisha bunga. Sikuombe zaidi.» Hakuwa amesoma zaidi ya miaka mine ya masomo ya msingi, lakini aliona jambo ambalo wenye diplome wengi hawakuliona.

Lagare

Kuna ukurasa mumoja wa kaye ambao ni vigumu kuusimulia. Lakini tukiuruka, tutakuwa tunadanganya.

Katika miaka ya 1992 na 1993, ndugu zetu wenye asili ya Kasai, wengi wao waliozaliwa hapa hapa na ambao hawakujua njia ya Kasai, walifukuzwa katika nyumba zao na kazi zao, Likasi kwanza, kisha Kolwezi. Maelfu kwa maelfu walilala lagare, majuma na miezi, wakingoja treni. Watoto na wazee walikufa pale kwa magonjwa na njaa, wengine walikufa njiani.

Katika avenyu yetu, nyumba nyingi zilikuwa za Wakasai. Walikuwa walimu, makarani, mafundi. Wote walikuwa katika kaye. Usiku mumoja mama muzee mumoja alikuja kwa mulango wa nyuma. Hakuwa na feza. Alikuwa na kinu chake juu ya kichwa.

«Baba, sina kitu. Baki na kinu.»

«Mama, kinu yako nitaifanya nini? Enda nayo.»

«Ku treni hakuna mafasi. Baki nayo. Sitaki kuenda na deni.»

Akakiacha. Siku zilizofuata Baba wa Butiki alipakia unga kwenye kinga yake, usiku, akaupeleka lagare. Majirani walimuonya kwamba watachoma butiki yake. Aliogopa, bibi yake anakubali kwamba aliogopa sana. Alienda mara tatu, kisha aliacha, na kuacha kule kulimuumiza mpaka mwisho. Katika kaye, mbele ya majina yale, hakukata musitari kwa biki nyekundu. Aliandika tu: «Lagare 1993.» Kinu kilibaki nyuma ya nyumba. Aliyetaka kukinunua aliambiwa: «Hii haiuzwe. Mwenyewe atarudia.»

Hakurudi.

Butiki sita katika avenyu moja

Kuanzia mwaka wa 2003, Gécamines iliachisha wafanya kazi 10,655 katika mpango ulioitwa departi volontere. Walipewa feza mara moja, nyingi kwa macho, kidogo kwa miaka mingi ya kazi. Baba wa Butiki aliona mambo mawili. Kwanza, wazee kadhaa walikuja kumulipa deni za miaka 10, na siku ile alivaa shati nyeupe. Pili, wengine walichukua feza ile wakafungua butiki zao wenyewe. Avenyu ilikuwa na butiki moja. Kwa mwaka mumoja ilikuwa na sita. Wote waliuza sabuni ileile na unga uleule. Kisha miaka miwili mine zilifungwa. Wenye kuzifungua hawakuwa wavivu; walikuwa watu wa shimo na wa mashine, hakuna aliyewafundisha kwamba feza ya butiki si ya kununua televizio.

Halafu walikuja krezeri, na wanegosian, na feza ya haraka ya kobalti. Mwisho wa mwaka wa 2008 bei ya shaba ilianguka katika dunia nzima, viwanda vingi vya kuyeyusha vilifungwa, na krezeri walirudi nyumbani mikono mitupu. Kaye ilijaa tena, sasa na majina ya vijana.

Wakati ule tansio ya muzee ilikuwa juu. Alijua. Muganga alimuandikia vidonge vya kunywa kila siku. Alinunua mwezi wa kwanza na wa pili, kisha aliacha. Bibi yake alipomuuliza, alisema feza ya vidonge ni ya gunia. Ile kanuni yake nzuri, «faranga ya butiki haiko faranga yako», alikuwa ameigeuza kuwa fimbo ya kujipiga mwenyewe. Wababa munaosoma, musikie neno hili: dawa si mali ya kupunguza.

Siku ya posho moja ya mwezi wa 3, 2009, saa kumi na mbili za mangaribi, alianguka nyuma ya kontwari, na meka ya unga mukononi. Mutoto aliyetumwa alifikiri muzee ameinama kutafuta kitu. Alingoja. Kisha akaita.

Kilio

Watu walijaa mpaka avenyu ya pili. Waliimba usiku tatu. Siku ya kutoa kilio, ndugu wa marehemu walioka mambo mawili mezani: funguo, na kaye.

Mudogo wake mumoja alisimama na kaye mukononi. «Tuisome hapa hapa, mbele ya batu yote. Kila mutu asikie jina yake, alipe.» Watu walitazama chini. Nakumbuka vizuri, kwa sababu mimi pia nilitazama chini. Jina la nyumba yetu lilikuwa ndani.

Mujane alisimama. Hakupaza sauti. «Miaka makumi tatu na tano, bwana yangu hakuitaka mutu jina mu njia. Hamutaanza leo, maiti yake haiyapoa. Mwenye kujijua anajijua.»

Kaye ikafungwa. Juma lile wengine walikuja, wengi wao usiku, kwa mulango wa nyuma. Wengine walileta nusu. Mama mumoja alileta kuku. Lakini ukurasa uliokatwa haukufika nusu ya kaye. Hiyo ndiyo kweli, na inatupasa kuikubali: tulimuzika kwa nyimbo nzuri kuliko tulivyomulipa.

Funguo

Jambo la funguo lilikuwa gumu zaidi. Ndugu walisema butiki ni mali ya kabila, mujane arudi kwao. Kwa bahati nzuri ndoa yao ilikuwa imeandikwa kwa leta, na karatasi iliwekwa vizuri ndani ya bahasha pamoja na patenti ya butiki na karatasi za kiwanja. Muzee mumoja wa kanisa, pamoja na shefu wa kartie, waliwakalisha na kuwasomea sheria.

Ni vizuri kila jamaa ijue. Kitabu cha sheria ya jamaa, cha tarehe 1 ya mwezi wa 8, 1987, kilichotengenezwa tena katika mwaka wa 2016, kinasema hivi kwa ufupi. Watoto wa marehemu, pamoja na wale aliowatambua wakati wa uhai wake hata kama walizaliwa inje ya ndoa, ndio warithi wa kwanza: wanapata sehemu 3 juu ya 4. Sehemu 1 inayobaki ni ya mujane, ya wazazi wa marehemu, na ya ndugu zake. Tena mujane ana haki ya kutumia nyumba walimokuwa wakikaa na vyombo vyake. Na ikiwa kuna duka lililoshikamana nayo, matumizi yake yanagawanyika nusu kwa nusu na watoto. Mabishano yakishindikana nyumbani, Tribinali ya Amani iko. Lakini bila ndoa iliyoandikwa, mujane anaingia vitani bila silaha.

Ndugu walinunguna, lakini waliacha funguo mezani.

Butiki ilikufa namna gani

Binti mukubwa aliendesha butiki miaka miwili. Alikuwa na akili, alikuwa na bidii. Katika mwaka wa 2011 aliifunga. Kwa nini?

Kaye ilisema nani ana deni. Haikusema nani analipa polepole lakini analipa, na nani anaahidi vizuri lakini halipi. Hayo yalikuwa ndani ya kichwa cha muzee. Muuzaji wa Kasumbalesa alikuwa akimupa muzee magunia kwa neno tu. Kwa binti aliomba feza mbele. Patenti ilikuwa kwa jina la marehemu. Muzee hakuwa amemufundisha mutoto hata mumoja. Alikuwa akisema «musome kwanza». Waliposoma, hawakujua butiki.

Jambo hili halikupata wadogo peke yao. Wazee wa Afrika ya mashariki wanamukumbuka Alidina Visram, Muhindi aliyefika upande wa Bagamoyo katika mwaka wa 1863, mutoto wa miaka 12 bila kitu. Alifungua duka moja, kisha lingine, Tabora, Ujiji, kufuata njia ya wapagazi, kisha kufuata njia ya treni toka Mombasa mpaka Uganda, akawa tajiri kuliko wachuruzi wote wa wakati wake. Alikufa tarehe 30 ya mwezi wa 6, 1916, kwa homa aliyoipata katika safari ya biashara huku kwetu Congo. Mutoto wake aliendelea, lakini kisha miaka michache ile mali kubwa ilitawanyika. Pale Mombasa lilibaki somo lenye jina lake. Duka kubwa ao duka dogo, likisimama juu ya kichwa cha mutu mumoja, linalala naye kaburini.

Leo chumba kile kimepangishwa kwa kijana anayeuza uniti za telefone. Kolwezi imekuwa muji mukuu wa jimbo la Lualaba tangu mwaka wa 2015, na magazini kubwa zenye taa zimefunguliwa. Ni vizuri. Lakini pale hakuna mutoto anayeenda na sahani kusema: «Mama anasema atalipa.»

Mujane anakaa nyuma, katika nyumba ileile. Kinu kingali pale, chini ya muembe. Kaye iko ndani ya sanduku la chuma. Mwaka uliopita nilienda kumuona, na nikalipa deni ya nyumba yetu: bunga meka 6, sabuni 2, chumvi, mafuta kopo 3, kwa bei ya leo. Mama yangu alikuwa amekufa bila kuilipa. Mujane alitafuta biki nyekundu kwa muda mrefu. Hakuipata. Akakata musitari kwa makaa.

Maulizo ya kuzungumza katika jamaa

1. Je, nyumba yetu iko katika kaye ya nani? Tutalipa siku gani?
2. Baba na mama, ndoa yenu imeandikwa kwa leta? Karatasi ziko wapi, na nani anajua?
3. Mwenye biashara, ukilala leo, nani kesho anaweza kufungua mulango na kujua la kufanya?
4. Vijana, ni kazi gani ya wazazi wenu ambayo hamujawahi kuomba mufundishwe?